Maswali ya Wasomaji: Shimla, treni ya mlimani, manyani wa Jakhu na mambo mengine

Tangu tugusie Shimla kidogo tu kwenye toleo lililopita meseji zimekuwa nyingi mno, hasa kutoka kwa vijana wetu wanaosoma Chandigarh na Punjab, na zingine kwa watu wanaopeleka wagonjwa Delhi wakabaki na siku kadhaa mkononi hawajui wafanye nini. Nimechagua chache. Kwa ambaye hakusoma lile toleo: Shimla ndo mji mkuu wa jimbo la Himachal Pradesh kaskazini mwa India, umekaa juu ya mgongo wa Himalaya ya chini, mita kama 2,200 kutoka usawa wa bahari, na Waingereza waliufanya makao yao makuu ya kiangazi kuanzia 1864 maana joto la kule tambarare liliwashinda, wakawa kila mwaka wanahamisha serikali nzima, makarani na mafaili yao, wanapanda nayo mlimani.

Shikamoo dada. Mi natokea Morogoro, nasoma Chandigarh. Mama anakuja Delhi kucheki moyo, akimaliza atakaa kwangu wiki mbili na anataka sana kuona milima yenye barafu. Kutembea anatembea vizuri ila ngazi zinamchosha haraka. Tutaweza Shimla kweli? Na tukifika tuangalie nini? (Mwanafunzi, Chandigarh)

Marahaba mdogo wangu, na mama mpe salamu zangu. Kabla ya yote muulizeni daktari wake wa Delhi akiwa bado mbele yenu, mwambieni waziwazi tunataka kupanda mita elfu mbili na kitu, akisema subirini basi mnasubiri, mlima hauendi popote. Akiruhusu, Chandigarh mpaka Shimla ni kama kilomita 115, kwa teksi hesabu masaa manne. Barabara siku hizi imepanuliwa sehemu kubwa lakini kona zipo tu, mama akae siti ya mbele, asile vitu vya mafuta asubuhi hiyo, na mbebe tangawizi na mfuko wa kutapikia hata kama anasema yeye hatapikagi.

Sasa sikiliza kitu ambacho wengi hawaambiwi. Shimla imejengwa kwenye ubavu wa mlima, mji mzima ni ngazi, na gari haliruhusiwi kuingia Mall Road ambayo ndo barabara kuu ya katikati, labda ambulensi na magari machache ya dharura. Teksi itawashusha chini kwenye barabara inaitwa Cart Road. Pale kuna lifti ya watalii, mnakata tiketi ya rupia chache, mnapanda lifti ya kwanza, mnatembea kidogo kwenye ujia, mnapanda ya pili na mnatokea moja kwa moja juu Mall bila kukanyaga ngazi. Kwa hiyo ukifanya bukingi ya hoteli usiulize bei kwanza, uliza hivi: kutoka Mall mpaka mlangoni kwenu ni ngazi ngapi, za kupanda au za kushuka? Ukisikia anababaika tafuta hoteli nyingine. Mabegi msibebe wenyewe, wapo wapagazi, wengi ni Wakashmiri, wanafunga mzigo mgongoni kwa kamba na wanapanda nao mlima mzima, mkubaliane bei kabla na mumlipe vizuri maana ile kazi ni ngumu jamani.

Mkishakuwa juu mama hana shida tena, maana Mall na ule uwanja wa wazi unaoitwa The Ridge ni tambarare kiasi, na mabenchi ya kukaa hayakosekani. The Ridge mi naipenda kuliko sehemu zote za mji ule. Mtaona kanisa la Christ Church la rangi ya manjano hafifu, lilianza kujengwa 1844 likafunguliwa 1857, ingieni ndani mchana jua likipiga vioo vya rangi. Chini ya ule uwanja mnaokanyaga kuna tangi kubwa la maji lililojengwa enzi za Waingereza ambalo mpaka leo linalisha mji. Na mwambie mama hili: huo mgongo ndo unaogawa maji. Mvua inayoshukia upande mmoja inakwenda mto Sutlej, inaingia Indus na kuishia Bahari ya Arabia, hii hii wanayovuka majahazi kuja kwetu na kaskazi, na inayoshukia upande wa pili inapita Yamuna inaingia Ganga mpaka Ghuba ya Bengali. Mtu unasimama na mwavuli wako katikati, maji ya mguu huu na ya mguu ule yanaachana maelfu ya kilomita.

Milima ya barafu inaonekana kwa mbali kutokea hapo hapo The Ridge, asubuhi, hewa ikiwa safi, ndo maana nawashauri Oktoba au Novemba kama tarehe zenu zinaruhusu. Mei na Juni mji unajaa watu wanaokimbia joto la Delhi, foleni za magari ni ndefu na maji yenyewe yanakuwa ya shida, mwaka 2018 kiangazi mabomba yalikauka mpaka wakazi wakawa wanaomba watalii wasije.

Siku ya pili mpelekeni Viceregal Lodge, teksi inafika karibu na geti. Ndo jumba alilokuwa anakaa gavana mkuu wa Kiingereza aliyetawala India yote, lilikamilika 1888, jiwe la kijivu, ndani mbao za msaji kutoka Burma zimepanda ukutani mpaka ghorofa za juu. Mwaka 1945 waliitwa humo kina Jinnah wa chama cha Muslim League na Maulana Azad wa chama cha Congress kujadili mustakabali wa India, mazungumzo yakavunjika, na baada ya miaka miwili nchi ikagawanyika. Baada ya uhuru likawa nyumba ya mapumziko ya rais, na rais Radhakrishnan, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa falsafa, akaona bora wapewe wasomi, toka 1965 ni taasisi ya utafiti na maktaba. Mtembezaji anawazungusha kwa muda usiofika saa moja, Jumatatu wanafunga. Bustani yake tu inatosha kumkalisha mama na chai mchana kutwa.

Msimkimbize. Siku tatu mjini hapo hapo zinawatosha kabisa, na wanaokuja asubuhi wakaondoka jioni huwa nawaonea huruma maana wanakuwa wameiona Shimla kupitia kioo cha gari.

Mimi ni mstaafu wa reli, niko Voi. Nimesikia India kuna treni ndogo inapanda Himalaya, na kwamba waliojenga ni wale wale Wahindi waliojenga reli yetu ya Mombasa. Je, ni kweli? Na mtu wa umri wangu anaweza kuipanda? (Mstaafu, Voi)

Shikamoo mzee wangu, swali lako limenifurahisha kweli. Kwamba ni watu wale wale siwezi kukuambia hivyo, ila miaka ni ile ile na wakubwa waliotoa amri ni wale wale. Reli yetu ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu mwisho wa 1901, na walioletwa kutoka India kuijenga walipita elfu thelathini, wengi wao wa Punjab, ambayo ni hiyo tambarare iliyopo chini ya milima ya Shimla. Reli ya kutoka Kalka kwenda Shimla ilifunguliwa Novemba 1903. Kwa hiyo wakati mafundi wa Kipunjabi wanalaza reli nyika ya Tsavo, kwao nyuma wenzao walikuwa wanatoboa milima.

Wewe ni mtu wa kazi, nikupe vipimo. Ile ya zamani ya kwetu upana wa reli ni mita moja, hii ni milimita 762 tu, wameifanya nyembamba ili iweze kukata kona kali. Urefu ni kilomita 96, mahandaki yanayotumika 102, madaraja zaidi ya 800, na karibu yote ni ya matao ya mawe, sio vyuma. Kuna moja karibu na stesheni ya Kanoh lina matao yaliyopangwa ghorofa nne kwenda juu, treni inapita juu yake taratibu huku imejipinda, ukikaa behewa la nyuma unaiona injini yako mwenyewe iko mbele upande wa pili wa korongo. Inaanzia Kalka mita 656 na kuishia stesheni ya Shimla mita 2,076. Mpando wote huo haina meno katikati ya reli kama baadhi ya treni za milimani, ni magurudumu tu na kona, kona zaidi ya 900. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2008.

Handaki refu kuliko yote linaitwa Barog, mita 1,143. Inasimuliwa kwamba mhandisi wa mwanzo, Kanali Barog, aliamuru watu wachimbe kutoka pande zote mbili za mlima ili wakutane katikati, hesabu ikakosewa, hawakukutana. Serikali ikampiga faini ya rupia moja tu, na ile aibu ikamshinda akajitoa uhai. Handaki lililopo lilipitishwa sehemu nyingine, na wenyeji wanasema aliyewaonyesha njia ni mwanakijiji ambaye hakusoma, Baba Bhalku, alikuwa anagonga mwamba kwa fimbo yake na kusikiliza. Leo makumbusho ya reli pale Shimla yana jina la Baba Bhalku na stesheni ina jina la Barog, wote wamekumbukwa, nadhani we mzee unaelewa kuliko mimi maana umefanya kazi na watu wa aina zote mbili.

Kupanda unaweza bila wasiwasi. Ni masaa matano au zaidi, siti ni ndogo, choo kipo. Kutoka Delhi unachukua treni kubwa mpaka Kalka halafu unavuka tu jukwaa. Zile za alfajiri ndo nzuri, mwanga unakukuta njiani. Ikitoka tu handaki la Barog inasimama stesheni, kila mtu anashuka kunyoosha miguu, wanauza chai na katlesi za mboga zikiwa za moto kabisa, ubaridi unakupiga usoni na misonobari imekuzunguka pande zote. Tiketi zinaisha mapema sana hasa wikendi, mwambie kijana yeyote aliyeko India mwenye namba ya simu ya kule akukatie wiki kadhaa kabla. Kurudi panda teksi kama umechoka, lakini kwenda, mzee wangu, usikubali mtu akuambie gari lina haraka zaidi.

Mambo dada, naolewa Disemba. Sisi tuko Nairobi na tunataka honimuni kwenye snoo, na ajenti ametupa pakeji ya Shimla na Kufri siku mbili. Ni poa? (Bibi harusi, Nairobi)

Hongera sana mpenzi! Ila hiyo pakeji inabidi tuiongelee. Kwanza theluji haina ratiba. Disemba inaweza ikaanguka au isianguke kabisa, miezi yenye uwezekano zaidi ni Januari na Februari mwanzoni, na hata hapo kuna wiki inapita kavu jua linawaka. Mkiweza kusogeza safari iwe Januari katikati, mkae siku tano badala ya mbili, mna nafasi nzuri zaidi ya kuamka mkakuta kila kitu cheupe. Na ikianguka kweli barabara zinafungwa kwa masaa, saa zingine siku nzima, sasa mtu wa siku mbili ndege yake inaondoka Delhi atafanyaje?

Kufri iko kilomita kama 15 kutoka mjini na iko juu zaidi. Nitasema ninachokiona mimi: kila ajenti anaiuza kwa sababu gari linafika na biashara zimepangwa tayari, farasi wa kukupandisha kilimani kwenye tope, yaki (ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu) amevalishwa matandiko ya rangi ukae juu upigwe picha, mabuti na makoti ya kukodi. Wale farasi wanafanya kazi kupita kiasi na njia yenyewe inanuka. Kama mnataka msitu na utulivu mwambieni dereva awapeleke Mashobra au Naldehra, huko kuna misitu ya mierezi mikubwa, na Naldehra kuna uwanja wa gofu katikati ya miti ambao Curzon, huyo aliyetawala India kwa niaba ya Waingereza, alipapenda mpaka binti yake akampa jina la hapo. Theluji mkiikosa Shimla, Narkanda iko kilomita 60 na kitu mbele na ni juu zaidi, huko ndo hata watu wanajifunza kuskii.

Alafu kuna kitu kimoja cha wakati wa baridi ambacho pakeji hazikitaji. Chini ya The Ridge upande wa Lakkar Bazaar kuna uwanja wa kuteleza kwenye barafu, upo toka 1920, na barafu yake haitengenezwi na mashine: jioni wanamwaga maji uwanjani, usiku yanaganda yenyewe, asubuhi na mapema kabla jua halijapanda watu wanateleza. Wanafungua siku ambazo baridi imetosha tu. Mnakodi viatu hapo hapo, mtaanguka wote wawili na ni raha sana.

Hoteli iulizeni kama chumba kina hita na kama hela ya hita iko ndani ya bei, na maji ya moto yanatoka masaa yapi. Nyumba nyingi za kule ukuta hauna joto lolote usiku wa Januari. Baridi ya Limuru mnayoijua nyinyi ni ya kuvaa sweta, hii mtataka soksi mbili, kofia na nguo ya ndani ya kubana.

Assalaam alaykum. Sisi asili yetu Unguja, tunaishi Muscat, tunataka kwenda familia na watoto wanne. Vipi chakula halali na msikiti? (Baba Familia, Muscat)

Waalaykumu ssalaam. Msikiti upo, msikiti wa Ijumaa uko chini ya Mall kwenye masoko, ulizeni Jama Masjid mtu yeyote atawaonyesha, na mtakuta saf nyingi ni za wale wapagazi wa Kikashmiri niliowataja. Chakula, ng'ombe hachinjwi jimbo lile kwa sheria, kwa hiyo hilo lishaondoka, kuku na mbuzi wapo lakini msidhani kila sehemu ni halali, tafuteni vigenge vya Waislamu maeneo ya karibu na msikiti. Zaidi ya hapo mi nawashauri mle mboga wala hamtajuta, wale watu wanajua kupika maharage na dengu. Watoto watapenda momo za mboga, vile vidonge vya unga vyenye mboga ndani. Na lazima mle siddu, mkate wa ngano ulioumuka unaopikwa kwa mvuke, ndani wanatia dengu au jozi zilizosagwa, unakuja wa moto unafuka, unaupasua kwa mkono unamwagia samli ya moto mpaka inaingia kwenye matundu. Miwili tu umeshiba mpaka usiku.

Dada nimeambiwa Jakhu manyani wanaiba miwani, mi bila miwani sioni kitu. Niende au niache? (Mwanafunzi, Jalandhar)

Nenda, ila miwani ivue. Sio utani huu. Jakhu ndo kilima cha juu kuliko vyote Shimla, mita 2,455, na juu kuna hekalu la Hanuman na sanamu lake la rangi ya chungwa la mita 33 lililozinduliwa 2010, ukiwa The Ridge unaliona limechomoza juu ya miti. Hanuman ni yule mungu wao mwenye sura ya nyani, basi manyani wa pale wanalishwa na kuheshimiwa na hawamwogopi mtu.

Nilimwona mmoja anavyofanya. Baba mmoja kasimama anasoma kibao, nyani katoka nyuma kwenye ukuta, hana hata haraka, kaweka mkono mmoja begani kwa yule baba na kwa mkono wa pili kaichomoa miwani, kapanda juu ya bati kakaa. Hakuichezea, kaishika tu anaangalia chini. Kijana muuza njugu kaja mbio na kipakti, kakirusha, nyani kaidaka pakti kwa mkono wa kushoto na miwani kaiachia ikaanguka, baba kalipa hela ya pakti. Yaani wanajua kabisa kwamba miwani inabadilishwa na chakula, kofia na simu pia ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo miwani weka kwenye begi lenye zipu kabla hujafika getini, mfuko wa plastiki wenye chakula usionyeshe, usimwangalie nyani machoni, na usimkenulie meno hata kama ni tabasamu maana kwake hiyo ni ugomvi. Chini wanakodisha fimbo, chukua, sio ya kumpiga, akiiona tu anakaa mbali. Watakaotembea kutoka The Ridge ni kama kilomita mbili lakini mpando ni mkali kwelikweli, kama hujiwezi panda lile gari la kebo. Ukikwaruzwa hata kidogo osha kwa sabuni na maji mengi na uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Je wanatutazama sana? Rafiki yangu aliombwa selfi mpaka akachoka. (Dada wa Kampala, anasoma Chandigarh)

Wanatazama, na selfi utaombwa, hasa Mall jioni ambako familia kutoka vijijini na miji midogo zinakuja kutembea na wengi hawajawahi kuonana na Mwafrika ana kwa ana. Wengi wao nia ni njema kabisa ila kuchoka ni haki yako. Kukataa unaruhusiwa, sema nahi, yaani hapana, huku unatembea, usisimame kuelezea. Picha na watoto na kina mama mi huwa sina tatizo, kundi la vijana wa kiume wanaokuzunguka hapo hapana, ingia duka lolote, Mall ina polisi wa kutosha. Usiku ukiwa peke yako baki kwenye njia zenye taa, zile ngazi za kukata kushuka Lower Bazaar ziache mpaka asubuhi. Na pasipoti na viza tembea nazo, kila hoteli inatakiwa kisheria kumwandikisha mgeni, wakikuomba karatasi sio kwamba wanakushuku wewe.

Mimi nalima maepo Makete, nimeambiwa Shimla ndo nyumbani kwa maepo ya India. Nikija Agosti nitaona mashamba? Na mvua zikoje? (Mkulima, Makete)

Mkulima wangu, umeambiwa vizuri, lakini mjini Shimla penyewe hutaona shamba la maana, inabidi uende mbele kilomita kama 80, Kotgarh na Thanedar, juu ya bonde la mto Sutlej. Huko ndo yalikoanzia. Kulikuwa na kijana wa Kimarekani, Samuel Stokes, kwao matajiri wa Philadelphia, alikuja India 1904 kuhudumia wagonjwa wa ukoma, akahamia milimani, akaoa binti wa huko. Maepo ya Kiingereza yalishajaribiwa lakini yalikuwa makali, soko la India halikuyataka. Stokes akaleta miche ya aina ya Delicious kutoka Marekani kama 1916, tamu, nyekundu, ikakubali ile ardhi, akawagawia majirani na kuwafundisha kupogoa. Huyo huyo aliingia kwenye harakati za uhuru pamoja na kina Gandhi akafungwa na Waingereza, na baadaye akawa Mhindu akajiita Satyanand. Ukipita kijiji chochote kule ukaona nyumba ya mawe na mbao yenye paa jipya, jua ni hela ya maepo.

Agosti na Septemba ndo mavuno, maboksi yamepangwa mpaka barabarani, mashine za kuchambua kwa ukubwa zinalia, malori usiku kucha. Waombe wakuonyeshe wavu wanaotandaza juu ya miti kuzuia mvua ya mawe, ambayo inaweza kumaliza shamba ndani ya dakika chache, na uwaulize kuhusu baridi: ule mti unahitaji masaa mengi ya ubaridi wakati umelala ili utoe maua vizuri, theluji ikipungua wakulima wa sehemu za chini wanapata hasara, kwa hiyo mashamba yanazidi kupanda juu. Hayo ndo maongezi utakayoyapata na wakulima wenzako na mtaelewana hata kwa ishara.

Ila Agosti ni mwezi wa masika ya kule na milima inaporomoka. Tarehe 14 Agosti 2023 udongo ulishuka Summer Hill, mjini Shimla kabisa, ukafunika hekalu asubuhi watu wakiwa wanasali, walikufa watu 20, na ile reli niliyomsifia mzee wa Voi ilibaki inaning'inia hewani bila ardhi chini yake, ikachukua wiki nyingi kuitengeneza. Mi nakushauri njoo Septemba ya mwisho. Mvua inakuwa imepungua, barabara zimefunguliwa, maepo ya sehemu za juu bado yako mtini, na utaweza kupanda mpaka kilele cha Hatu juu ya Narkanda ukaona safu nzima ya barafu upande wa kaskazini. Ukitaka kuendelea ndani zaidi kupita Kinnaur kwenda Spiti, mgeni anahitaji kibali maalumu kwa kipande cha karibu na mpaka wa China, unakiombea Shimla au Reckong Peo, panga na mwenzako mapema na uwe na picha ndogo na kopi za pasipoti kadhaa mkononi.